Sauti ya Kuazima

Kila mwaka watu wazima waliojivika foronya vichwani walikuwa wakinipa mkono na kuniambia nimewabadilishia maisha. Foronya zao zina matundu mawili ya macho, na wengine wameongeza la mdomo ili wapate kunywa soda kwa mrija. Wananiita Mzee Damu. Mimi nilitabasamu, maana ukishazeeka bila kitu, heshima ikibisha mlangoni huiulizi imetoka wapi. Lakini moyoni nilijisikia kama mtu anayepongezwa kwa ile siku aliyoteleza mbele za watu akapasua suruali.

Filamu yenyewe inaitwa Dobi wa Usiku. Ni habari ya muuaji mwenye foronya usoni anayewavizia wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia, mmoja mmoja, hadi anabaki msichana wa mapokezi peke yake, na mwisho wake naye anakwisha. Niliiongoza nikiwa kijana mwenye nywele nyingi na akili haba. Gazeti moja la wakati ule liliandika kwamba ni takataka. Jingine likajibu kwamba kuiita takataka ni kuzionea takataka. Ikaondolewa kwenye kumbi kabla hata mabango hayajakauka gundi.

Baada ya hapo niliongoza filamu nyingine tatu, za watu na maisha yao, ambazo nazipenda mwenyewe na hakuna aliyeziona. Kisha nikala kwa kupiga video za harusi hadi mgongo ukakataa. Nilipokuwa nimeshakubali kusahaulika, vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakaifufua Dobi wa Usiku bila kuniuliza. Wanaipenda kwa sababu ni mbovu. Pana mahali kipaza sauti kinaonekana kikining'inia juu ya maiti, basi ukumbi mzima husimama na kukipungia mkono. Pana mahali maiti inapiga chafya, nao huitikia "afya!" kwa pamoja. Wameyahifadhi makosa yangu yote, na kila kosa lina kibwagizo chake. Yale niliyoyafanya vizuri, na yapo, ndiyo wakati wao wa kwenda msalani.

Hata hivyo sikukosa onyesho. Waliponiuliza nilisema ni adabu tu, mwenye mji hakimbii wageni. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfuata dada yangu. Yumo mle ndani.

Dada alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa kweli msichana wa mapokezi katika kiwanda cha kufulia. Baba alikuwa msimamizi wa mashine hapohapo. Walifua mashuka ya hoteli na ya zahanati, na Jumapili walifunga. Baba alinipa funguo kwa sharti kwamba nisiguse mashine hata moja na kila shuka lirudi mahali pake. Nilikuwa nimempata mwigizaji mzuri, msichana mwenye shingo ndefu, lakini siku ya kwanza alisema harufu ya dawa za kufulia inamuumiza kichwa, akaondoka na hakurudi. Dada alikuwa ameingia kutuletea chai. Nikamwomba asimame pale kidogo tu, nipime mwanga. Alisimama pale Jumapili zote zilizobaki.

Damu pia aliipika yeye. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, na kakao kidogo isije ikawa kama sharubati. Tukishamaliza kuchinja watu, sisi wanaume tulikaa kujisifu, na dada akainama kusugua mashuka, kwa sababu Jumatatu kuna wageni wa hoteli watakaoyalalia. Sisimizi walituletea msiba mkubwa kuliko yule muuaji. Wiki moja baba alipita kati ya rafu akinusanusa, akauliza mbona mashuka yananukia kama keki ya harusi. Dada akamjibu kwamba labda hotelini kulikuwa na harusi.

Muuaji wetu alikuwa dereva wa gari la kusambaza nguo. Alikuwa jitu la mtu, mabega kama kabati, lakini adabu yake haikuwa na mfano. Mara mbili ilibidi turudie tukio kwa sababu alibisha hodi kabla ya kuingia kuua.

Siku ya tukio la mwisho tulitandaza mashuka kwenye kamba kuanzia ukuta hadi ukuta. Dada asimame katikati, dereva atokee nyuma yake na foronya yake, dada ageuke, apige yowe. Nilimweleza mambo mengi, kama wanavyoeleza waongozaji wasiojua watakacho. Nilimwambia afikirie hofu, afikirie giza, afikirie mtu ampendaye. Akasema sawa, twende, kuna nguo za kupiga pasi.

Aligeuka akapiga yowe.

 Mpiga picha alisahau kuzima kamera. Dereva alivua foronya na uso ulikuwa umemshuka, akamuuliza, "Dada, nimekuumiza?" Dada alitikisa kichwa, akajifuta midomo kwa upande wa kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni. Mimi nikamuuliza amelitoa wapi lile. Akasema, "Nilikuwa nalo siku nyingi," akaenda kuwasha pasi.

Mtaji wa filamu ulitoka kwa mtu tuliyemwita Tajiri, muuza magodoro aliyekuwa na kumbi mbili za sinema. Aliitazama kazi yetu akala karanga hadi mwisho, akasema ameipenda yote isipokuwa sauti ya yule msichana. Ni kweli dada alikuwa na sauti nene yenye mikwaruzo, kama mlango wa bati unaoburutwa. Tajiri akasema msichana anayewindwa lazima awe na sauti ya kuhurumiwa. "Huyu wako akisema 'niache'," aliniambia, "ni kama anamfukuza mpangaji."

Nilibishana naye. Nilibishana siku kadhaa, nikatishia kujiondoa, naye hakunizuia. Asubuhi moja nilifika studio nikakuta shughuli imekwisha. Alikuwa amemleta mtangazaji wa redio, mwanamke wa vipindi vya salamu, mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. Kila neno la dada, la kwanza hadi la mwisho, lilikuwa limefutwa na la yule mtangazaji kupachikwa. Yowe tu ndilo lililomshinda. Alijaribu hadi jasho likamtoka, lakini kila mara ikawa kama mtu aliyebanwa kidole na droo. Tajiri akachoka, akasema hilo liachwe kama lilivyo.

Siku filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, dada alikaa pembeni yangu. Sikuwa nimemwambia, nilidhani Tajiri amemwambia, na Tajiri alidhani mimi. Mdomo wake ulifunguka pale kwenye pazia na sauti ya mtu mwingine ikatoka. Aliutazama hadi tukio lile likaisha, kisha akaniinamia sikioni.

"Kumbe nina sauti nzuri," alisema.

Hadi leo sijui kama alikuwa anatania. Hakuizungumzia tena.

Baadaye aliolewa na mtu wa mji wa mbali, akajifungua mtoto wa kike, na homa ya uzazi ikamchukua kabla mtoto hajajua kukaa. Shemeji alioa tena, na hilo si kosa. Mtoto alikulia kwa ndugu za baba yake, nasi tukawa watu wa kuonana misibani. Enzi zile hakukuwa na simu za kurekodi kila kikohozi cha mtu. Dada aliacha picha moja ya studio, magauni mawili, na Dobi wa Usiku.

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu. Ni mwanamke mtu mzima sasa, anafundisha watu kuendesha magari. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa ameweka picha ya filamu yangu kwenye simu yake, na mpwa akaona uso ule ule uliotundikwa sebuleni kwake. Akamwambia yule kijana asimamishe gari kando ya barabara, amweleze. Ndivyo alivyojua kwamba mama yake anatembea mahali fulani, ndani ya filamu. Kwao walimwambia tu kwamba mama aliwahi kuigiza kitu cha aibu, wakaishia hapo.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, tamu, ya upande wa baba yake. Aliongea kwa mpangilio, kama mtu aliyejiandaa. Mwisho akauliza alichopigia simu.

"Mjomba, anaongea humo ndani?"

"Anaonekana akiongea," nilisema.

Hakusikia ufa uliokuwa kwenye jibu langu. Akasema atakuja.

Onyesho ni mchana wa Jumamosi. Alikuja amevaa kama mtu anayekwenda kuposwa, na zawadi ya matunda kwenye mfuko. Nilikuwa nimekusudia kumwambia pale pale nje ya ukumbi, kabla hatujaingia. Nilishafungua kinywa. Lakini wenye foronya walituzunguka, wakataka picha, mmoja akamshika bega akamuuliza kama yeye ni mke wa Mzee Damu, na milango ikafunguliwa. Tukasukumwa ndani na maneno yangu kifuani.

Dada anatokea mapema. Anaingia kiwandani, anavua viatu, anauliza nani ameacha mashine inazunguka. Ukumbi hujibu kwa pamoja, "Shetani!" Mpwa alishtuka, akageuka kuwatazama. Kisha akaizoea ile kelele kama mtu anayezoea mvua, akawa anamtazama mama yake tu. Dada alipokaa kwenye marundo ya nguo kumsimulia mwenzake habari za mchumba, pale ukumbi hutulia kidogo kwa kuwa hapana kosa la kuchekwa. Nikahisi vidole vinanishika mkono.

"Mjomba," alininong'oneza, "ni sauti yangu."

Nilimgeukia. Alikuwa analia huku anatabasamu, machozi yanamfika kidevuni wala hayafuti. Na ilikuwa kweli. Yule mtangazaji wa redio na mpwa wangu walifanana sauti kama mapacha. Maishani mwangu nimewatisha watu kwa visu, makasi na mashine za kukaushia nguo, lakini sijapata kuogopa kama nilivyomwogopa mwanamke yule mwenye furaha. Nikampapasa mkono. Nikanyamaza.

Tulifika kwenye mashuka. Hapo ndipo wanapopangojea. Dada akageuka, na kabla kinywa chake hakijafunguka sawasawa, watu wote ukumbini wakapiga yowe naye, wanaume kwa wanawake, wakirusha foronya juu. Ndiyo desturi yao. Mpwa hakuziba masikio. Alikuwa anawatazama tu, mmoja hadi mwingine, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu katikati ya ugomvi.

Baada ya filamu walinipandisha jukwaani kama kawaida yao. Kijana mwenye kuendesha shughuli, ambaye ameiona Dobi wa Usiku mara nyingi kuliko mimi, alikuwa amekunja foronya yake akaivaa kama kofia. Aliuliza maswali yake ya kila mwaka kuhusu damu na sisimizi, nami nikajibu vichekesho vyangu vya kila mwaka. Halafu akawageukia watu akasema kwamba kwa wale wageni, wapo wasiojua, sauti ya yule msichana si yake. Ni ya mtangazaji wa redio. Yowe tu ndilo lake. Kisha akanisogezea kipaza sauti, akauliza kama ni kweli msichana mwenyewe alikuwa na sauti ya mbeba magunia.

Watu wakacheka. Nilitafuta kiti cha mpwa wangu, nikaona mfuko wa matunda peke yake.

"Alikuwa dada yangu," nilisema.

Walidhani ni kichekesho kipya. Walipiga makofi.

Nilimkuta kwenye korido, amesimama mbele ya friji ya soda kana kwamba anachagua. Alikuwa ameshajifuta uso.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Kwa hiyo nimemlilia mtangazaji wa redio."

 Akasema nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega, na kunong'ona hakugharimu kitu. Nikamwambia nilishindwa kumnyang'anya furaha ile. Aliitikia taratibu, kwa ile sauti anayotumia labda kwa wanafunzi wanaokanyaga mafuta badala ya breki. Alisema haikuwa yangu kumnyang'anya, wala haikuwa yangu kumpa. Yule alikuwa mama yake, na kila mtu mle ndani mwenye foronya alijua habari zake isipokuwa yeye. Kisha akauliza kama humo hakuna cha mama yake hata kimoja. Nikamjibu kwamba lile yowe ni lake.

"Lile ambalo wote wamelifunika?"

"Ndilo."

Akasema anataka kulisikia.

Fundi wa mitambo ni mama mmoja anayetafuna bigijii tangu nimjue na asiyejali filamu yoyote. Nilipomweleza, hakuuliza la ziada. Alisubiri wafagiaji watoe foronya na vikombe, akafunga milango, akaturudishia kipande kile. Tulikaa safu ya katikati, viti vyote vitupu.

Bila watu, filamu yangu ilikuwa ndogo. Mashuka yalionekana yana mikunjo. Dereva alitokea, foronya imepinda, mpole hata kwa mgongo. Dada akageuka.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeketi kati ya wapiga kelele, na nilikuwa nimesahau. Haikuwa sauti ya juu. Ilianzia chini, penye mikwaruzo, ikapanda kama kitambaa kizito kinachopasuliwa na mtu asiye na haraka, na haikuomba huruma ya yeyote. Ilipokatika ikasikika akivuta pumzi. Kisha kikaja kisu, na sukari nyekundu.

"Azime," alisema mpwa.

Fundi akazima. Tulikaa gizani hadi alipowasha taa.

"Nilitaka kumsikia akiongea," alisema. "Sikutaka kumsikia akifa."

Tulitoka tukakaa kwenye ngazi za nje, jua likiwa bado kali, watu wanapita na mizigo yao. Nilinunua chai mbili. Hakunywa yake. Baada ya muda akauliza kama yule mtangazaji yu hai, nikasema yu hai, ana wajukuu, na kwamba aliletwa kwa kuwa sauti ya mama yake ilionekana si ya kuhurumiwa. Akacheka kidogo kwa pua, kicheko kisichokuwa na sukari. Akauliza basi ilikuwaje, hiyo sauti ya kweli. Nilijaribu kuiiga, nikatoa mlio wa mbuzi, nikaacha. Nikamwambia badala yake kwamba pale mapokezini, wateja wakipiga simu, walikuwa wanamwita kaka. Mwanzoni aliwasahihisha. Baadaye alichoka, akawa anawajibu hivyo hivyo, "Ndiyo, kaka, nguo zako zipo tayari," na wakija kuchukua wanamtafuta yule kaka, naye anawaambia ametoka kidogo.

Alisikiliza mpaka mwisho, akakiweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Na huyo ndiye mliyeona hafai kuhurumiwa," alisema.

Nilitaka kumwambia kwamba si mimi, ni Tajiri. Ni kweli si mimi. Lakini jina langu ndilo linalotangulia kwenye ile filamu, kwa herufi kubwa zinazotiririka damu, na Tajiri alishakufa. Nikanywa chai yangu.

Kabla ya kuondoka aliniomba jambo moja, niwaambie wale watu wamwachie mama yake lile yowe. Alikuwa na mwanafunzi asubuhi, basi lake lilikuwa linaondoka. Aliniaga kwa heshima yote anayopewa mjomba, na hakunikumbatia.

Niliwaendea wenye shughuli wiki iliyofuata. Kijana wa jukwaani alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Nilimweleza kila kitu, habari ya dada, ya mpwa, ya sauti. Alisikitika kweli, nilimwona macho. Kisha akasema kwamba hapo ndipo watu wanapopapenda kuliko pote, wengine husafiri kwa ajili ya lile yowe tu, na kwamba kwa namna yake ni heshima kwa marehemu. Nikamwambia basi mimi sitakuja tena. Akasema watanikosa sana. Mwaka huu wamefanya bila mimi, na nasikia watu walijaa hadi wengine wakakaa kwenye ngazi.

Mpwa wangu hapigi simu. Ananiandikia ujumbe, siku nyingine swali moja, siku nyingine hakuna. Ameuliza kama mama yake alipenda chumvi, kama aliogopa mbwa, alivyokuwa akitembea akiwa na haraka. Ninachokumbuka namjibu, nisichokumbuka namwambia sikumbuki, na naona majibu ya pili yanaanza kuyapita ya kwanza. Juzi aliuliza kama alikuwa anaimba akiwa kazini. Nimekaa na swali hilo tangu hapo. Mashine za kufulia zilikuwa na kelele sana, nami siku zote nilikuwa upande wa pili wa chumba, nikipima mwanga. Kama aliimba, sikumsikia.